Mbwa Asiye na Hati: Haja ya Kurekebisha Makabidhiano ya Mbwa Kisumu na Ufuoni mwa Ziwa

Wahenga walinena kuwa mbwa hafi maji akiona ufuko. Aghalabu methali hii hutumiwa kumtia moyo mtu aliyekaribia kufaulu asikate tamaa. Hata hivyo, anayezuru fuo za Ziwa Viktoria upande wa Kenya, kuanzia Dunga hadi Usenge, na kutoka Kendu Bay hadi Mbita, atagundua kwamba kwa mbwa halisi, yule wa miguu minne, ufuko sio mwisho wa dhiki. Mbwa hukusanyika panapoparwa samaki, hugombania matumbo na mifupa, hufukuzwa kwa mawe, na wengi wao hakuna awezaye kusema kwa yakini ni wa nani. Katika mitaa ya Kisumu nako, Obunga panapokaangwa mgongo wazi, Nyalenda, Manyatta na Kondele, hali ni iyo hiyo.

Kilio kuhusu mbwa hawa si kipya. Kila mtu anapoumwa, hasa akiwa mtoto wa shule, rai mbili hutolewa. Ya kwanza ni kwamba mbwa wauawe. Ya pili, ambayo hutolewa na wapenzi wa wanyama, ni kwamba serikali ya kaunti ijenge makao makubwa ya kuwahifadhi. Makala haya yanashikilia kwamba rai zote mbili zinakwepa kiini cha tatizo. Kiini chenyewe ni makabidhiano: namna mbwa anavyotoka mkono mmoja kuingia mkono mwingine, kutoka kwa mwenyewe hadi kwa afisa wa kaunti, kutoka makaoni hadi kwa kikundi cha uokoaji, na kutoka kwa kikundi hadi kwa mlezi mpya. Pasipo kanuni ya makabidhiano, makao yoyote yatakayojengwa yatajaa kwa muda mfupi, na kila mbwa atakayetolewa humo atatoka jinsi alivyoingia: hana jina, hana chanjo inayothibitika, wala hakuna wa kuulizwa habari zake.

Kisheria, jukumu hili lina mwenyewe. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaziachia serikali za kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, na inataja bayana mambo mawili: utoaji wa leseni za mbwa, na mahali pa kuwaweka, kuwatunza na kuwazika wanyama. Huduma za mifugo pia zimo mikononi mwa kaunti. Fauka ya hayo, ipo Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, na ipo Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360. Kwa hivyo Busia, Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori, kaunti tano zinazopakana na ziwa, hazina haja ya kungoja amri kutoka Nairobi. Lakini msomaji makini atatambua pengo. Katiba inataja leseni, ambayo humhusu mwenye mbwa, na inataja mahali pa kuwaweka wanyama, yaani makao. Kati ya mwenye mbwa na makao, na kati ya makao na mwenye mbwa mpya, ipo njia ndefu. Njia hiyo ndiyo isiyo na utaratibu.

Uzito wa suala hili hautokani na huruma pekee. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini Kenya mnamo 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi. Binadamu wa kwanza kutambuliwa nchini kuwa na ugonjwa huo alikuwa mwanamke wa eneo la Ziwa Viktoria, mwaka wa 1928. Karibu karne nzima imepita tangu mama huyo afariki, na maradhi yaliyomuua yangalipo. Mkakati wa kitaifa uliozinduliwa mwaka wa 2014 ulikadiria kwamba Wakenya wapatao 2,000 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, ukalenga kuvikomesha vifo hivyo kufikia 2030. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa, na kwamba katika kila watu kumi wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, wanne ni watoto wasiotimiza miaka 15. Dalili zikishajitokeza, mgonjwa haponi. Jambo hili linapasa kukumbukwa na kila anayedhani kuwa habari za mbwa ni mzaha wa watu wenye nafasi.

Je, si afadhali basi mbwa wauawe, mambo yaishe? La hasha. Shirika lilo hilo linashauri kuwa chanjo iwafikie angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo ili mnyororo wa maambukizi ukatike. Anayetega sumu usiku hawezi kumtenga aliyechanjwa na asiyechanjwa. Huwaua wote pamoja. Nafasi yao hujazwa na vilebu waliozaliwa juzi, ambao hawajaona sindano, na jaa la takataka lililowalisha wa kwanza huwalisha na hawa. Mji huwa umetumia fedha kununua chanjo, kisha ukatumia fedha nyingine kuiharibu chanjo hiyo hiyo.

Hapa ndipo makabidhiano yanapoingia. Mbwa aliyechanjwa ambaye hana hati hawezi kuhesabiwa kuwa amechanjwa, kwa kuwa hakuna ajuaye. Aidha, mbwa aliyeumwa na mwenziwe mwenye kichaa huweza kukaa majuma au hata miezi kabla ya kuonyesha dalili. Akikabidhiwa mlezi mpya katika kipindi hicho, tena bila maelezo, huwa amekabidhiwa pamoja na kifo. Mlezi amempokea kwa moyo mweupe, watoto wamempa jina, na hakuna aliyewaambia kwamba mbwa huyo aliokotwa akiwa na jeraha la meno shingoni.

Funzo bora juu ya jambo hili liko Pemba. Baada ya chanjo ya mbwa kutolewa kisiwani kote mwaka baada ya mwaka, kichaa kilikuwa kimetoweka huko kufikia Mei 2014. Kisha chanjo ikalegea. Mwishoni mwa 2016 ugonjwa uliingizwa upya mara mbili, ukaenea, na haukukomeshwa hadi Oktoba 2018, baada ya kampeni ya chanjo kurejeshwa. Watafiti waliyabaini haya kwa kufuata nyayo za walioumwa na kwa kuchunguza nasaba ya virusi vyenyewe. Pemba ni kisiwa, na haielekei kwamba mbwa mgonjwa aliogelea kutoka bara. Yamkini alivushwa chomboni na binadamu. Mkono mmoja ulimtoa, mkono mwingine ukampokea, na kati ya mikono hiyo miwili kazi ya miaka minne ikabatilika.

Ziwa Viktoria nalo lina visiwa vyake, na lina vyombo visivyopumzika. Wavuvi huhama kutoka ufuo hadi ufuo wakifuata omena na mbuta. Familia huhama kutoka Mfangano hadi Mbita, kutoka Mbita hadi Kisumu, na mbwa huenda nao au huachwa nyuma. Mafuriko ya 2020, ziwa lilipopanda kupita kiwango kilichozoeleka na kuwahamisha watu Nyando, Budalang'i na kwingineko, yalikumbusha kwamba wapo watakaolazimika kuondoka bila kujipanga. Anayekwenda kujihifadhi darasani au kambini na watoto wake, mbwa wake atamkabidhi nani? Kama hakuna jibu la swali hilo, mbwa huyo atakuwa mbwa wa mtaani kufikia juma litakalofuata, na hakuna wa kulaumiwa kwa ukatili.

Kuna wanaoamini kwamba dawa ni jengo. Ni kweli kwamba jengo linahitajika. Nairobi kuna chama cha KSPCA, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikiwapokea wanyama waliotupwa na kuwatafutia walezi wapya. Kampala kuna makao ya chama cha USPCA. Kisumu iko takriban kilomita 350 kutoka Nairobi, na si busara kutegemea kwamba kila mbwa wa Nyalenda atasafirishwa hadi huko. Lakini jengo lenye mlango wa kuingilia pekee ni gereza. Mwezi Agosti 2025 Mahakama ya Juu ya India iliamuru mbwa wa mitaani wa Delhi wakusanywe wote na kuwekwa makaoni. Hazikupita wiki mbili kabla ya mahakama iyo hiyo kulegeza amri yake na kuelekeza kwamba mbwa waliohasiwa na kuchanjwa warudishwe walikotolewa, isipokuwa wenye kichaa, wanaoshukiwa kuwa nacho, na wakali. Yaani hata dola kubwa hugundua upesi kwamba swali la "wawekwe wapi" haliwezi kutenganishwa na swali la "watoke vipi".

Huko Marekani, jimbo la California lilipitisha sheria mwaka wa 1998, inayojulikana kwa jina la seneta Tom Hayden, ambayo iliyataka makao yamkabidhi mbwa aliyepangiwa kuuawa kwa kikundi cha uokoaji kisicho cha kibiashara, iwapo kikundi hicho kitamwomba kabla ya siku yake kufika. Wazo hilo ni jema na linafaa kuigwa. Mlango wa pili ulifunguliwa kwa nguvu ya sheria badala ya kutegemea hisani ya msimamizi. Hata hivyo, kuiga hakutoshi. Kikundi cha uokoaji ni watu, na watu wenye huruma nyingi huweza kukosa kipimo. Mtu mwema akishapokea mbwa watano atapokea wa sita, kisha wa ishirini, hadi nyumba yake igeuke makao mengine yaliyojaa, safari hii bila daktari wala mkaguzi. Kumkabidhi mbwa kwa kikundi kisichochunguzwa ni kuhamisha tatizo kutoka macho ya umma hadi nyuma ya ua.

Kabla ya kupendekeza utaratibu, yafaa istilahi ziwekwe sawa, kwa maana lugha legevu huzaa utendaji legevu. Neno linalotumiwa na wengi ni mbwa koko. Neno hili lina utamu wake katika matusi, lakini katika daftari la afisa wa mifugo linaficha zaidi ya linavyofichua. Chini ya jina hilo wamo mbwa wa aina nne. Yupo mwenye kwao anayezurura mchana na kurudi jioni. Yupo aliyepotea na anayetafutwa. Yupo aliyetupwa, ambaye mwenyewe amehama, amefariki au amechoka. Na yupo aliyezaliwa mtaani, ambaye hajawahi kuguswa na binadamu kwa wema. Wa kwanza anapaswa kurudishwa nyumbani, na mwenyewe aonywe. Wa pili atangazwe na angojewe. Wa tatu ndiye hasa anayefaa kupewa kikundi cha uokoaji na hatimaye mlezi. Wa nne, mara nyingi, ni heri achanjwe, ahasiwe au afungwe kizazi, kisha aachwe anapopajua, kuliko kulazimishwa kuishi uani kwa mnyororo. Afisa anayewaandika wote kuwa koko huwa amekwisha kukosea kabla ya mbwa kupelekwa popote.

Utaratibu unaopendekezwa hapa hauhitaji mamilioni. Kwanza, makabidhiano yafanywe mapema. Makao mengi duniani hukumbuka vikundi vya uokoaji siku vibanda vinapojaa, na mbwa hugawanywa kwa pupa kama bidhaa inayokaribia kuoza. Inafaa kila mbwa anapoingia aandikiwe tarehe mbili: ya mwisho ya kungoja mwenyewe ajitokeze, na ya kuanza kutafutiwa kikundi. Pili, pasiwe na mbwa atakayevuka lango bila chanjo na muda wa kuangaliwa. Aliyemuuma mtu ashikiliwe siku kumi kama wanavyoagiza wataalamu, na aliyeumwa na mnyama anayeshukiwa asikabidhiwe mtu hadi daktari wa mifugo aamue. Tatu, kaunti iwe na orodha ya vikundi vilivyokaguliwa, kila kimoja kikiwa na idadi ya mbwa ambayo hakitaruhusiwa kuipita, hata viongozi wake wakilia machozi. Nne, kila mbwa awe na njia ya kurudi. Mlezi aliyeshindwa aweze kumrejesha pasipo kutukanwa, kwa sababu anayeogopa kutukanwa atamfungulia lango usiku.

La tano ndilo kubwa: hati. Kila mbwa anayekabidhiwa afuatwe na karatasi moja, ya kurasa mbili tu, inayosema alikopatikana na lini, ni wa aina ipi kati ya zile nne, umri wake wa kukisia, tarehe ya chanjo na jina la aliyeitoa, kama amehasiwa au amefungwa kizazi, kama amewahi kuuma au kuumwa, anayemtoa, anayempokea, na wa kupigiwa simu mambo yakiharibika. Nakala moja ibaki kwa kaunti, ya pili aende nayo mpokeaji. Katika fuo, daftari la kuorodhesha hati hizi linaweza kuwekwa kwa Vikundi vya Usimamizi wa Fuo, vile maarufu kwa ufupisho wa BMU, kwani tayari ndivyo vinavyoratibu shughuli za wavuvi na kujua nani ametia nanga na nani ameondoka. Mbwa akipandishwa chomboni kwenda kisiwani, swali liwe moja: hati yake iko wapi?

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba katika nchi ambayo zahanati za mashambani hukosa chanjo ya binadamu, kushughulikia hati za mbwa ni anasa. Hoja hii ina sura ya hekima, lakini imegeuzwa juu chini. Aliyeumwa huhitaji sindano kadhaa kwa majuma kadhaa, pamoja na nauli ya kwenda na kurudi. Mbwa huhitaji sindano moja na kuirudia kwa wakati. Kadiri mbwa wasiojulikana wanavyopungua, ndivyo chanjo chache za binadamu zitakavyowatosha wanaozihitaji. Tena, anayeumwa na mbwa mwenye hati hana haja ya kubahatisha. Daktari hujua mara moja uzito wa hatari. Kumhudumia mbwa ni njia fupi ya kumhudumia mtoto.

Wengine watasema kwamba habari za kumtafutia mbwa mlezi ni desturi za kigeni. Ni kweli kwamba katika boma la Kiluo guok ni mlinzi na mwandani wa mchungaji, halali kitandani wala hanunuliwi nguo. Hakuna anayependekeza abadilishwe awe hivyo. Mlinzi anayehama boma anahitaji kukabidhiwa kwa maelezo kama vile fahali anavyokabidhiwa, na hakuna mzee atakayepokea fahali bila kuuliza zizi alikotoka. Ama Waislamu wa Kisumu, wenye kanuni zao za tohara kuhusu mbwa, hao wana haki ya kutolazimishwa kuwa walezi. Lakini wana pia kisa mashuhuri katika hadithi za Mtume, cha mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake akasamehewa dhambi. Utaratibu mzuri humpeleka mbwa anakotakiwa, na hivyo humkinga asiyemtaka.

Swali la mwisho ni la nani aanze, na hapa ndipo wasomi wa Kiswahili wanapohusika moja kwa moja. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hati iliyoandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, akikabidhiwa mvuvi wa Dunga au mama muuza samaki wa Obunga, atatia saini bila kusoma, na saini ya asiyeelewa si ahadi. Kuna kazi ya istilahi inayosubiri: tofauti ya makao na hifadhi, ya mlezi wa muda na mmiliki, ya mbwa aliyetupwa na mbwa aliyepotea. Kuna kazi ya kuandika sentensi fupi ambazo mtu aliyeacha shule darasa la sita atazielewa, na ya kuziweka bega kwa bega na Kidholuo. Idara za Kiswahili hutoa kila mwaka tasnifu juu ya uundaji wa istilahi. Chama cha wanafunzi kinaweza kuandaa rasimu ya hati hiyo katika muhula mmoja, kikaipeleka kwa daktari wa mifugo aisahihishe, kisha kwa bunge la kaunti liijadili.

Basi na waanze hao, kabla ya mvua nyingine kulipandisha ziwa na kabla ya mwaka wa 2030 kufika mkakati wa kitaifa ungali ndoto. Mbwa hawezi kusoma hati yake. Ndiyo maana inawapasa wanaojua kusoma na kuandika wamwandikie, na kwa kumwandikia, wamlinde mtoto atakayemkuta njiani kesho asubuhi akielekea shuleni.